Jinsi Wanyama na Watu Wanavyojiepusha na Magonjwa ya Kuambukiza

Je, umewahi kuchunga ng'ombe au kuwatazama wakila majani? Mahali penye kinyesi kipya cha ng'ombe, majani huwa mabichi na marefu kwa sababu ya mbolea. Lakini ng'ombe hupita kando yake. Hunusa, hugeuza kichwa, kisha huenda kula majani mafupi yaliyo mbali kidogo. Kondoo na farasi nao hufanya vivyo hivyo. Kwa nini mnyama mwenye njaa aache majani mazuri?

Katika somo hili tutachunguza mambo ambayo wanyama huyafanya ili wasiambukizwe magonjwa. Kisha tutalinganisha na yale tunayofanya sisi binadamu, na tutaona ni wapi tunafanana nao na ni wapi tunatofautiana.

1. Ugonjwa wa kuambukiza ni nini?

Ugonjwa wa kuambukiza ni ule unaotoka kwa kiumbe mmoja na kumfikia mwingine. Magonjwa haya huletwa na viumbe hai au na vitu vidogo sana, kama vile bakteria, virusi, kuvu na minyoo. Vyote hivyo kwa pamoja tunaviita viini vya magonjwa. Vingi havionekani kwa macho matupu.

Viini huingia mwilini kwa njia mbalimbali. Baadhi huingia kwa chakula na maji, kama viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Baadhi huingia kwa hewa tunayovuta, kama viini vya surua na kifua kikuu. Vingine huletwa na wadudu wanaouma, kama mbu aletaye malaria. Vingine huingia kwa kugusa damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa.

Mwili unayo askari wake wa kupigana na viini vilivyokwisha kuingia. Hata hivyo vita hivyo hugharimu nguvu nyingi, na mara nyingine mwili hushindwa. Kwa hiyo kuvizuia viini visiingie ni bora kuliko kupigana navyo vikiwa ndani. Viumbe wengi, wadogo kwa wakubwa, wana tabia zinazowasaidia kufanya hivyo.

2. Wanyama hujiepusha na uchafu

Turudi kwa yule ng'ombe. Mayai ya minyoo wa tumboni hutoka pamoja na kinyesi. Mayai hayo huanguliwa, na minyoo michanga hutambaa hadi kwenye majani yaliyo karibu. Ng'ombe akila majani hayo, humeza minyoo. Ng'ombe hajui habari za minyoo, wala hajapata kuiona. Lakini harufu ya kinyesi humchukiza, na kwa kuiepuka harufu hiyo anaiepuka minyoo mingi.

Wanyama wengine huyaweka safi makao yao. Wako fuko wasio na manyoya ambao huishi katika mashimo marefu chini ya ardhi nchini Kenya, Ethiopia na Somalia. Fuko hawa hutenga chumba kimoja kiwe choo. Hawajisaidii ovyo katika vyumba vya kulala wala vya kuwekea chakula.

Ndege wengi wadogo huyasafisha matundu yao. Kinyesi cha makinda hutoka kikiwa kimefungwa katika ngozi laini, mfano wa kifuko. Mzazi hukichukua kifuko hicho kwa mdomo na kwenda kukitupa mbali. Kwa njia hiyo tundu hubaki kavu na safi.

3. Wanyama husafisha miili yao

Kuku huoga mavumbi. Hujichimbia kishimo, hujirushia vumbi katika manyoya, kisha hujikung'uta. Vumbi hilo huondoa mafuta yaliyozidi na husaidia kupunguza chawa na utitiri. Swala hujipekecha ngozi kwa meno yake ya mbele mara nyingi kwa siku ili kutoa kupe. Nyani na sokwe husafishana manyoya wao kwa wao, kwa maana mtu hawezi kuufikia mgongo wake mwenyewe kwa urahisi, na nyani ni hivyo hivyo.

Nyuki ni hodari zaidi katika usafi. Ndani ya masega yao hukua majana, yaani watoto wa nyuki. Jana likipatwa na ugonjwa, nyuki wafanyakazi hulitambua kwa harufu, hata kama limefunikwa kwa nta. Hukitoboa kifuniko, hulitoa lile jana na kulitupa nje ya mzinga. Nyuki waliokufa nao huburutwa nje na kutupwa mbali. Kama nyuki wangeacha maiti na majana yenye ugonjwa mzingani, mzinga mzima ungeweza kuangamia.

4. Wanyama hujitenga na wagonjwa

Katika bahari ya Karibi wako kamba-koche ambao hupenda kukaa pamoja katika mapango ya mawe. Wataalamu walitangaza mwaka 2006 kwamba kamba-koche wazima hawaingii katika pango lenye mwenzao aliyeambukizwa virusi fulani. Humkimbia hata kabla virusi havijawa tayari kuambukiza wengine.

Sisimizi nao hujitenga. Mwaka 2018 wataalamu walieleza majaribio waliyoyafanya kwa sisimizi weusi wa Ulaya. Walipowapaka baadhi yao vijimbegu vya kuvu inayoua, kundi zima lilibadili mwenendo. Sisimizi watafutao chakula nje walipunguza kukutana na wale walezi wakaao ndani. Hivyo malkia na walezi vijana walikingwa, ijapokuwa hakuna sisimizi aliyetoa amri.

Katika misitu ya Gabon, Afrika ya Kati, wako nyani wakubwa wenye nyuso za rangi nyekundu na buluu. Nyani hawa hupunguza kuwasafisha manyoya wenzao wenye vimelea vya tumboni. Huwatambua kwa harufu ya kinyesi chao. Wagonjwa wakipewa dawa na kupona, wenzao huanza tena kuwasafisha. Lakini liko jambo moja la kuzingatiwa: nyani mama na watoto wake huendelea kusafishana hata mmoja wao akiwa na vimelea. Udugu una nguvu kuliko harufu mbaya.

Hapa Tanzania jambo kama hilo lilionekana Gombe, Mkoa wa Kigoma. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipatwa na ugonjwa wa kupooza uliofanana na polio ya binadamu. Sokwe mmoja mzee, ambaye Bibi Jane Goodall alimwita McGregor, alipooza miguu yote miwili. Akawa akijiburuta chini kwa mikono. Wenzake walipomwona walisimamisha manyoya kwa hofu, na wengine walimshambulia. Alipojaribu kuwasogelea ili asafishwe manyoya, waliondoka wakamwacha. Sokwe mmoja tu, aitwaye Humphrey, aliendelea kukaa jirani naye. Watafiti wa Gombe walitia chanjo ya polio ndani ya ndizi na kuwapa sokwe waliobaki wazima.

5. Wanyama hujitibu

Wako wanyama ambao, wakiugua, hula vitu wasivyovila siku zote. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, sokwe jike aitwaye Chausiku alionekana amedhoofika. Hakuwa na hamu ya kula, na alilala mara kwa mara. Kisha akauendea mti mdogo mchungu ambao Watongwe huuita mjonso. Akachuna ganda la tawi changa, akatafuna moyo wake na kunyonya maji yake machungu. Siku iliyofuata alionekana kupata nafuu.

Walioshuhudia jambo hilo walikuwa Michael Huffman, mtafiti kutoka ng'ambo, na Bwana Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mjuzi wa miti ya dawa. Bwana Kalunde ndiye aliyeeleza kwamba Watongwe nao huutumia mti ule kwa maradhi ya tumbo. Baadaye mti huo ulipopimwa, ulikutwa na kemikali zinazodhuru vimelea. Sokwe wa Mahale na Gombe pia humeza majani yenye vinyweleo vya kukwaruza bila kuyatafuna. Majani hayo hupita tumboni na kutoka mazima, nayo husaidia kuwatoa minyoo.

Usiige jambo hili kwa kula majani usiyoyajua. Miti mingi michungu ni sumu. Ukiugua, mweleze mzazi au mwalimu wako ili upelekwe kwenye zahanati.

6. Kinyaa cha binadamu

Sisi nasi tunayo tabia inayofanana na ile ya ng'ombe. Tunaiita kinyaa. Ukinusa nyama iliyooza, au ukiona kinyesi, matapishi au kidonda chenye usaha, unakunja pua, unafunga mdomo na kurudi nyuma. Watu wa mataifa yote huonyesha kinyaa kwa uso wa namna hiyo. Na ukivichunguza vitu vinavyotia kinyaa, utaona kwamba vingi ni vile vinavyobeba viini vya magonjwa. Kinyaa ni mlinzi wetu wa kale.

Lakini mlinzi huyu ana upungufu. Anaona na kunusa tu, na viini havionekani wala mara nyingi havinuki. Tuangalie mfano mmoja.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa mmoja wa London, Uingereza, na kuua watu zaidi ya 600. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow hakuridhika. Alikwenda nyumba hata nyumba akiuliza ni nani waliokufa na walikunywa maji ya wapi. Aligundua kwamba wengi walitumia pampu moja iliyokuwa katika mtaa wa Broad Street. Hata mjane mmoja aliyekwisha kuhamia mbali alikufa, kwa sababu aliyapenda maji ya pampu ile na kuletewa nyumbani kwake. Maji yale hayakumtia kinyaa. Kinyume chake aliyaona matamu. Kumbe yalikuwa yamechanganyika na uchafu wa shimo la choo lililokuwa karibu. Daktari Snow aliwashawishi wakuu wa mtaa waung'oe mpini wa pampu, nao wakafanya hivyo.

Mfano huu unatufundisha kwamba maji maangavu si lazima yawe salama. Mahali ambapo kinyaa hakioni, elimu ndiyo huona. Kwa hiyo tunachemsha maji ya kunywa, au kuyatia dawa, hata yakiwa maangavu kama kioo.

7. Mikono iliyookoa maisha ya akina mama

Mwaka 1847 Daktari Ignaz Semmelweis alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya wazazi huko Vienna, Austria. Katika wodi yake akina mama wengi walikufa kwa homa baada ya kujifungua. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikufa kiasi cha 18 katika kila 100. Katika wodi ya pili, iliyohudumiwa na wakunga, vifo vilikuwa vichache zaidi.

Semmelweis aliona tofauti moja. Madaktari na wanafunzi wa udaktari walikuwa wakipasua maiti ili kujifunza, kisha walikwenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Basi akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Kufikia mwezi wa Juni vifo vilishuka hadi kiasi cha 2 katika kila 100.

Madaktari wengi wa wakati ule walimpinga, kwani hawakukubali kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikileta kifo. Leo kila mganga na muuguzi hunawa mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa.

Nchini mwetu elimu ya namna hii ilienezwa kwa kishindo mwaka 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Kisha walichimba vyoo, walifyeka majani na kufukia madimbwi. Baadaye vikaja vibuyu chirizi, yaani vyombo vya maji vinavyoning'inizwa karibu na choo na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu. Kwa kibuyu chirizi hakuna haja ya kushika chombo kwa mkono mchafu.

8. Karantini

Kama sisimizi, watu nao hujitenga wakati wa maradhi makubwa. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao sasa huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wasafiri kutoka nchi zenye tauni wakae mahali pa peke yao kwa siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye katika miji mingine siku hizo zilifanywa kuwa 40. Neno karantini limetokana na neno la Kiitalia lenye maana ya arobaini.

Mwezi wa Machi mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa katika Mkoa wa Kagera. Virusi vya ugonjwa huu hupita kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Watu 9 waliugua, wakiwamo watumishi wa afya, na 6 kati yao walikufa. Zaidi ya watu 200 waliokuwa wamekutana na wagonjwa walitafutwa, na kila mmoja aliangaliwa afya yake kwa siku 21. Mazishi yalifanywa kwa uangalifu, na watu waliacha kushikana mikono. Mwezi wa Juni mwaka huo ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Ugonjwa uuao ulizuiwa kwa mwenendo wa watu, kwa maana chanjo yake iliyoidhinishwa haikuwapo.

9. Tofauti kati ya mtu na mnyama

Kamba-koche humkimbia mgonjwa na kumwacha. Nyuki hulitupa jana nje ya mzinga. Binadamu hafanyi hivyo. Mtu hujikinga na ugonjwa, lakini hamtupi mgonjwa. Muuguzi huvaa glovu na barakoa, kisha huingia chumbani kumlisha na kumsafisha. Mama hunawa mikono kwa sabuni, kisha humpa mtoto wake anayehara maji ya chumvi na sukari yenye vipimo sahihi. Huku ni kujikinga kwa akili na kwa huruma.

Kinyaa na hofu vikituongoza bila elimu, hutufanya tuwadhulumu watu. Kwa karne nyingi wagonjwa wa ukoma walifukuzwa vijijini. Lakini ukoma hauambukizi kwa urahisi, na mgonjwa anayetumia dawa hawaambukizi wengine. Makovu na vidole vilivyokatika haviambukizi mtu. Hali kadhalika virusi vya UKIMWI havipiti kwa kusalimiana, kwa kukaa dawati moja, wala kwa kula sahani moja. Mwanafunzi anayemkimbia mwenzake kwa sababu hiyo hajikingi na kitu chochote, anamuumiza tu.

Basi kabla ya kujitenga na mtu, jiulize: Ugonjwa huu hupita kwa njia gani? Ukiijua njia, utaiziba njia, na mgonjwa ataendelea kuwa ndugu yako.

Jaribio: Je, maji matupu yanatosha?

Vifaa: mafuta ya kupikia kijiko kimoja, mkaa uliosagwa, maji safi, sabuni, karatasi mbili nyeupe.

Hatua:
(a) Wanafunzi wawili wapake mikono yao mafuta kidogo, kisha mkaa uliosagwa. Chukulia kwamba mkaa ni viini vya magonjwa.
(b) Mwanafunzi wa kwanza anawe kwa maji matupu. Wa pili anawe kwa maji na sabuni, akisugua viganja, kati ya vidole na chini ya kucha. Kila mmoja anawe kwa sekunde 20.
(c) Kila mmoja akandamize mikono yake juu ya karatasi nyeupe.
(d) Linganisheni karatasi hizo. Andikeni mliyoyaona na sababu yake.

Muhtasari

Wanyama hujiepusha na magonjwa kwa kukwepa uchafu, kusafisha miili na makao, kujitenga na wagonjwa, na pengine kwa kujitibu. Hufanya hivyo bila kujua habari za viini. Binadamu anacho kinyaa, lakini anayo pia elimu, ambayo humwonyesha hatari isiyoonekana. Tena anayo huruma, ambayo humzuia asimwache mgonjwa peke yake.

Maswali

1. Kwa nini ng'ombe hawali majani yaliyo karibu na kinyesi chao?
2. Taja njia nne ambazo kwazo viini vya magonjwa huingia mwilini.
3. Nyuki hufanya nini jana linapougua? Eleza faida ya tendo hilo kwa mzinga mzima.
4. Mjane aliyehama alikufaje kwa kipindupindu, wakati hakuishi karibu na pampu?
5. Ni tofauti gani aliyoiona Daktari Semmelweis kati ya wodi mbili za wazazi?
6. Juma anakataa kuketi karibu na mwenzake aliyepona ukoma. Utamweleza nini?
7. Chunguza nyumbani kwenu kwa muda wa siku tatu: ni wakati gani watu hunawa mikono, na ni wakati gani husahau? Zungumza na wazazi wako juu ya mahali panapofaa kuwekwa kibuyu chirizi, kisha kitengenezeni pamoja.